Istilahi za Reli Chini ya Picha

Maelezo ya picha ni maandishi mafupi kuliko yote anayopewa mfasiri, na pengine kwa sababu hiyo ndiyo yanayomfichua upesi zaidi. Katika makala ndefu neno lisilo sahihi huweza kubebwa na majirani zake. Chini ya picha neno husimama peke yake, na kitu chenyewe kiko juu yake, kikilithibitisha au kulikanusha. Ndiyo maana tumeona yafaa kuzieleza istilahi za reli kwa njia ya picha, badala ya kumpa msomaji orodha ya maneno yaliyopangwa kwa alfabeti tu.

Mifano yetu tutaitoa hasa katika pwani ya Mrima na vijiji vya bara yake ya karibu, yaani sehemu za Mkoa wa Tanga na Mkoa wa Pwani zinazopitiwa na reli. Tumechagua eneo hili kwa sababu picha zake zimekusanya zama tatu: mvuke, dizeli na umeme. Neno lililofaa katika zama moja halikosi kuleta taabu katika zama nyingine, na mwenye kuandika maelezo hana budi kulijua hilo kabla ya kushika kalamu.

Reli zenyewe

Ujenzi wa njia ya Tanga ulianza mwaka 1893, wakati wa utawala wa Wajerumani. Njia hiyo ilifika Muheza mwaka 1896, Korogwe 1902, Mombo 1905, na Moshi 1911. Reli ya Kati ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Morogoro 1907 na Kigoma 1914. Reli hizo mbili zilikaa mbalimbali kwa nusu karne, mpaka zilipounganishwa mwaka 1963 kwa njia itokayo Ruvu hadi Mnyusi, ambayo huvuka mito ya Wami na Pangani. Zote hizo zina upana wa mita moja kati ya reli na reli. Mwaka 2024 treni za umeme zilianza kuchukua abiria kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro, kisha hadi Dodoma, juu ya njia mpya yenye upana wa milimita 1435. Njia hiyo hupita Pugu, Soga na Ruvu, si mbali na ile ya zamani.

Kwa hiyo mtu aliyesimama na kamera karibu na Ruvu anaweza kupata reli za aina mbili, na maelezo ya picha yake yanapaswa kusema ni ipi. Njia mpya imezoeleka kwa herufi SGR na kwa jina la "reli ya kisasa". Jina hilo linaeleweka na wote, nasi hatulipingi katika mazungumzo. Hata hivyo, twawakumbusha waandishi wa kumbukumbu kwamba njia ya Tanga nayo ilikuwa ya kisasa mwaka 1893. Usasa hupita, upana haupiti. Katika maelezo yatakayosomwa na wajukuu, ni afadhali kuandika upana na mwaka: "njia ya mita moja, 1963", au "njia ya milimita 1435, 2024".

Treni na garimoshi

Neno la kwanza linalohitaji kupimwa ni garimoshi. Asili yake ni gari la moshi, nalo lilikuwa jina la haki: watu waliliona gari, wakauona moshi. Leo wapo waandishi wanaoliona neno hili kuwa la Kiswahili zaidi kuliko treni, nao hulitumia kwa kila kipitacho juu ya reli. Matokeo yake ni maelezo kama "garimoshi la umeme", yaliyowekwa chini ya picha ambayo haina hata chembe ya moshi.

Hatusemi kwamba neno haliwezi kuishi baada ya sababu yake kufa, maana maneno mengi huishi hivyo. Twasema tu kwamba chini ya picha msomaji hulinganisha neno na kitu. Twapendekeza basi kuwa treni liwe neno la jumla kwa zama zote, na garimoshi libaki kwa treni za mvuke, pamoja na matumizi ya kifasihi. Mgawanyo huo unamsaidia mtunza kumbukumbu: akiona garimoshi katika orodha, ajue mara moja kwamba picha hiyo ni ya zama za mvuke.

Hapo hapo yafaa kuonya juu ya moshi wenyewe. Katika picha za injini za zamani huonekana mawingu ya rangi mbili. Lile jeusi litokalo katika bomba ni moshi wa kuni au makaa. Lile jeupe litokalo pembeni mwa magurudumu au katika filimbi ni mvuke. Kuandika "moshi mweupe ukitoka katika filimbi" ni kumfundisha mwanafunzi jambo lisilo la kweli.

Treni vile vile si sawa na kichwa chake. Treni ni mkusanyiko uliokamilika kwa safari: kichwa pamoja na mabehewa. Chombo kinachovuta kimezoeleka kuitwa kichwa cha treni, na wengine hukiita injini. Kwa picha za mvuke, injini ya mvuke halina mgogoro. Kwa dizeli neno injini huleta utata, kwa kuwa ndani ya kichwa mna injini yenyewe, yaani mtambo unaochoma mafuta. Fundi anayetengeneza injini na dereva anayeendesha kichwa wanahitaji maneno mawili, na picha inayowaonyesha wote wawili inayahitaji zaidi.

Umeme nao umeleta jambo jingine. Baadhi ya treni mpya hazina kichwa cha kujitenga, kwa kuwa mota zimegawanywa chini ya mabehewa yenyewe. Wananchi wameziita mchongoko kwa ajili ya pua yake iliyochongoka, na jina hilo limekwisha kuenea. Ni jina lililotokana na kuona, kama lilivyokuwa garimoshi, nasi twalipokea kwa heshima. Katika orodha rasmi liongezewe ufafanuzi: "seti ya treni ya umeme". Kosa la kuepukwa ni kuandika "kichwa cha mchongoko" kwa sehemu ya mbele, maana kile ni chumba cha dereva tu.

Kwa jirani zetu wa Kenya upo mfano mwingine. Kati ya mwaka 1955 na 1956 reli ya Afrika Mashariki ilipokea injini kubwa za mvuke 34 za aina ya Garratt kutoka kwa kampuni ya Beyer, Peacock ya Manchester, zikafanya kazi kati ya Mombasa na Nairobi. Injini ya aina hiyo ina seti mbili za magurudumu, na birika moja kubwa la mvuke limelazwa katikati. Asiyejua huandika "injini mbili". Iliyo sahihi ni injini moja, yenye birika moja na dereva mmoja. Injini hizo zilipewa majina ya milima, na mbili kati yake, Mount Gelai na Mount Shengena, zimehifadhiwa katika makumbusho ya reli ya Nairobi. Jina lililoandikwa ubavuni mwa injini ni jina la pekee na lisifasiriwe. Lakini si vibaya maelezo yakaongeza kwamba Shengena ni mlima wa Upare, ili msomaji wa Same ajue kwamba mlima wake ulipata kutembea.

Maneno yaliyotoka nyumbani na baharini

Wako wanaodhani kwamba istilahi za reli zote zilishuka melini pamoja na vyuma. Ni kweli kwamba reli, treni, stesheni, injini, tikiti na breki ni maneno ya kukopa. Lakini tazama behewa. Katika kamusi za zamani behewa ni ua wa ndani ya nyumba, na pia ghala. Watu wa pwani walipoona chumba kirefu kilichofungwa kikienda juu ya magurudumu, walikipa neno la nyumbani kwao. Tazama tena taruma, ambalo kwa wingi ni mataruma. Kwa mafundi wa vyombo vya baharini taruma ni kiungo cha mti katika kiunzi cha chombo. Kwa watu wa reli ni kipande kinacholazwa chini ya reli ili kuzishika zisiachane. Aliyekuwa na macho ya fundi wa jahazi aliitazama njia ya reli, akaona mbavu.

Mifano hii miwili ina fundisho kubwa. Kabla ya kuunda neno jipya yatupasa kwanza kuuliza kama kitu hicho kimekwisha kupewa jina na wale wanaokigusa kila siku. Mfasiri anayeandika "vilalio vya reli" kwa kufuata maana ya neno la kigeni anafanya kazi isiyohitajika, na tena anaifuta kazi iliyokwisha kufanywa. Mataruma yanaweza kuwa ya mti, ya chuma au ya zege, na picha huonyesha ni yapi.

Neno reli lenyewe limebebeshwa mzigo mkubwa. Husemwa kwa pau za chuma, kwa njia nzima, na hata kwa shirika. Sentensi kama "reli imeharibika" yaweza kuwa na maana zote tatu. Kwa maelezo ya picha twapendekeza mgawanyo huu:

Reli: pau la chuma ambalo magurudumu hupita juu yake.
Njia ya reli: reli, mataruma na kokoto kwa pamoja.
Tuta la reli: udongo ulioinuliwa ili kubeba njia.
Hifadhi ya reli: ardhi ya pande zote mbili iliyotengwa kwa ajili ya reli.
Tambuka reli: mahali ambapo barabara hukatiza njia ya reli. Kutambuka ni kuvuka kwa kuinua mguu, na neno hili ni zuri kuliko kivuko, ambalo kwa watu wa pwani ni la maji.
Kiberenge: chombo kidogo cha kukagulia njia, kinachosukumwa kwa mikono au kuendeshwa kwa mota. Kisichanganywe na toroli, wala na vibehewa vya njia nyembamba zilizojengwa katika mashamba ya mkonge ya Tanga.
Stesheni: mahali penye mkuu wa stesheni na majengo yake. Pale ambapo treni husimama tu, bila ya mtumishi, kituo latosha.
Ishara: kitu kinachobadilika ili kumwambia dereva asimame au aende, kama vile mkono wa mlingoti, taa au bendera. Alama ni kibao kisichobadilika, kama kile cha kutaja kilomita.

Mwelekeo wa treni

Katika daftari na ratiba nyingi za kigeni treni hugawanywa kuwa za juu na za chini. Mfasiri aliyezoea kufasiri neno kwa neno huandika "treni ya juu", na msomaji hutazama darajani akiitafuta. Maneno hayo hayahusu kimo, bali kila shirika hujiwekea upande mmoja kuwa juu na wa pili kuwa chini. Kiswahili kina maneno yaliyo bora zaidi kwa eneo letu: treni ya kwenda bara na treni ya kwenda pwani. Hakuna asiyeyaelewa, kutoka Tanga hadi Mombasa.

Maneno hayo hayo yanatatua taabu ya kushoto na kulia. Kushoto kwa msomaji wa picha si lazima kuwe kushoto kwa dereva. Ni afadhali kuandika "upande wa bahari" na "upande wa bara". Njia ya Ruvu hadi Mnyusi huelekea kusini na kaskazini. Kwa hiyo asubuhi jua huangaza treni kwa upande wa bahari, na alasiri kwa upande wa bara. Mpiga picha anayelijua hilo huchagua mahali pa kusimama. Mtunza kumbukumbu naye, akipewa picha isiyo na saa lakini yenye upande, huweza kukisia kwa haki kama ilipigwa asubuhi au jioni.

Istilahi za kupiga picha

Kwa upande wa kamera, Kiswahili kimejitegemea vizuri. Picha hupigwa, na mwenye kuipiga ni mpiga picha. "Kuchukua picha" kuachiwe aliyeibeba kutoka mezani. Filamu husafishwa, maana yake hutiwa katika dawa mpaka taswira itokee. Yafaa mwalimu awaeleze wanafunzi kwamba kusafisha huku si kufuta vumbi, na kwamba hata leo, ambapo picha nyingi hazina filamu, watu huenda dukani "kusafisha picha" wakiwa na maana ya kuzitoa katika karatasi.

Taabu iko katika neno kasi. Vitabu vya mafunzo husema "kasi ya kifuniko cha lenzi" kwa kile kinachopimwa kwa sehemu za sekunde. Katika picha za treni kuna kasi ya pili, ile ya treni, na mwanafunzi huchanganyikiwa. Tuhesabu kidogo. Treni inayokwenda kilomita 60 kwa saa hupita karibu mita 17 kwa sekunde. Kifuniko kikikaa wazi kwa sehemu moja ya 60 ya sekunde, treni itakuwa imesogea karibu sentimita 28, na picha ya mtu anayeipiga kutoka ubavuni itatoka imefutika. Kikikaa wazi kwa sehemu moja ya 500, itakuwa imesogea sentimita 3 na kidogo tu. Treni ya umeme inayokwenda kilomita 160 kwa saa, kwa sehemu hiyo hiyo ya 500, itasogea karibu sentimita 9. Ni dhahiri kwamba kinachopimwa katika kamera si kasi bali ni muda. Twapendekeza kiitwe muda wa mwanga, na kasi liachiwe treni. Hapo fundisho zima hukaa katika sentensi moja: kasi ya treni ikizidi, muda wa mwanga upunguzwe.

Watu walio katika picha

Tumefika mahali ambapo istilahi si suala la ufundi peke yake. Picha nyingi za zamani za reli za pwani zilipigwa na wageni na kuandikwa kwa lugha zao. Walther Dobbertin, kwa mfano, alipiga picha nyingi katika iliyokuwa Afrika Mashariki ya Kijerumani, na mkusanyiko wake umehifadhiwa katika hifadhi ya nyaraka ya taifa la Ujerumani, huko Koblenz, ukiwa na maelezo ya Kijerumani. Maelezo ya picha za zama hizo mara nyingi hutaja daraja kwa jina na injini kwa aina yake, na watu ishirini walio mbele yake huitwa "wenyeji" tu.

Mfasiri afanyeje? Asiyabadili maneno ya mwandishi wa kwanza, kwa kuwa hayo nayo ni ushahidi wa fikra za wakati wao. Lakini chini yake aweke maelezo yake mwenyewe, yaliyotengwa wazi, yanayotaja kazi inayoonekana: "Mafundi njia wakilaza mataruma", "Mtia kuni akiwa mlangoni mwa tanuri", "Mshika bendera kwenye tambuka reli". Ili kuweza kuandika hivyo anahitaji istilahi. Asipokuwa nazo, naye pia ataandika "wenyeji", na wale watu watapotea mara ya pili, safari hii katika lugha yao wenyewe. Asichokiona asikitie, na jina la mtu asilikisie. Kazi inayoonekana kwa jembe, nyundo au bendera haina haja ya kukisiwa.

Onyo lingine ni juu ya masimulizi. Mwaka 1905 reli ndogo ilianza kwenda kutoka mjini Unguja hadi Bububu, ikipita katika mitaa myembamba. Wapo wanaosema kwamba Bububu ilipata jina lake kutokana na mlio wa injini, na maelezo hayo hunakiliwa chini ya picha za treni ile. Lakini Emily Ruete, ambaye ni Sayyida Salme binti Said, aliitaja Bububu kwa jina hilo katika kitabu chake cha mwaka 1886, karibu miaka ishirini kabla ya reli hiyo. Hadithi tamu isimame kama hadithi. Isipewe cheo cha maelezo ya picha.

Matangazo ya usalama

Watumishi wa serikali huandika matangazo yanayohusu upigaji picha katika stesheni, madarajani na kando ya njia. Humo kosa la lugha laweza kugharimu uhai. Juu ya njia mpya zimepita nyaya zenye umeme wa volti 25,000. Tangazo lisemalo "waya hai" halimwambii kitu mkulima wa Soga. Liseme "waya wenye umeme: hatari ya kifo". Lisemalo "epuka kutumia vifaa virefu" ni legelege. Liseme "usiinue mti, fimbo wala bomba". Kadhalika pawe na tofauti kati ya makatazo mawili. "Ni marufuku kupiga picha" hukata kabisa, na "hairuhusiwi kupiga picha bila ya kibali" huacha mlango. Mwandishi aulize kwanza sheria inakusudia lipi, kisha achague neno. Na mpiga picha, kabla ya kufungua kamera, amwendee mkuu wa stesheni kuomba ruhusa, na asisimame kati ya reli hata kama njia inaonekana tupu.

Utaratibu wa kuandika

Kwa muhtasari, maelezo ya picha ya reli yajibu maswali haya kwa mpangilio: ni treni ya namna gani, inavutwa na nini, inaelekea bara au pwani, iko mahali gani, ni mwaka gani, na watu wanaoonekana wanafanya kazi gani. Kwa mfano: "Treni ya mizigo ya kwenda bara, ikivutwa na kichwa cha dizeli, ikiingia stesheni ya Korogwe, kwa upande wa bahari, mafundi njia wamesimama kando ya kiberenge." Mstari huo hauna neno lililoundwa mezani, na mtu asiyeiona picha aweza kuichora.

Injini za mvuke zimekwisha kutoka katika kazi za kila siku, na watu waliozitia kuni na maji wanazidi kupungua. Wao wanayo majina ya vyuma ambavyo sisi twaviona katika picha tu. Twawaomba walimu wa Tanga, Muheza, Korogwe na Ruvu wawapelekee wazee hao picha za zamani, waelekeze kidole juu ya kila kitu na kuuliza: hiki mlikiitaje? Majibu yaandikwe kama yalivyotamkwa, pamoja na jina la mahali na mwaka, yaletwe kwa Baraza. Kuyasanifu ni kazi ya baadaye, nayo itawezekana tu kama maneno yenyewe yamekwisha kuokolewa.